Oili inayokufa vizuri: kuchagua oili ya kwadi ya tu-stroku

"Fundi, muuzaji kaniambia hii ndiyo kali kuliko zote." Kijana akanikabidhi chupa. Ilikuwa nzuri kuitazama: nyeusi, kifuniko chekundu, ubavuni picha ya gari la mashindano. Nikaigeuza nyuma nikasoma. 20W-50, herufi za oili ya injini ya gari, na neno tu-stroku (two-stroke, injini inayochoma oili pamoja na petroli) halipo popote. Alikuwa ameshaichanganya na petroli na kuzunguka nayo siku mbili. Nilipofungua plagi, nchani palikuwa na ukoko wa kijivu, mgumu, umejijenga kama kichuguu kuelekea kwenye elektrodi. Niliukwangua kwa bisibisi ukadondoka kipande kizima.

Oili yenyewe haikuwa mbovu. Ilipewa kazi ya mwenzake.

Ndiyo maana mtu akiniuliza achague oili gani ya kwadi yake (nasema ATV, ile pikipiki ya magurudumu manne), nami humuuliza kwanza: hiyo oili ikimaliza kazi inakwenda wapi? Kwenye injini ya fo-stroku (four-stroke, kama ya gari) inarudi chini kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), inapumpiwa tena juu, na huendelea hivyo mpaka siku ya kuimwaga. Tu-stroku haina sampu ya oili. Oili inaingia pamoja na petroli na hewa, inapita chini ya pistoni kwenye chumba cha kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), inalowesha beringi za kranki, beringi za juu na chini za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) na ukuta wa silinda, halafu inapanda juu na kuungua pamoja na petroli. Ikitoka kwenye ekzosi imetoka, hairudi.

Kwa hiyo unanunua kitu chenye kazi mbili. Kinalainisha kikiwa hai, kisha kinatakiwa kufa vizuri, yaani kiungue kisiache majivu, ukoko wala gundi. Oili ya gari ina viungo vya madini kama zinki na kalsiamu. Ndani ya sampu vinasaidia sana, lakini ukivichoma vinabaki kuwa majivu. Majivu yakikaa kwenye plagi yanaua cheche. Yakikaa juu ya pistoni yanawaka kama kaa la moto na kuwasha petroli kabla cheche haijafika, na hapo unaweza kuvua kichwa cha silinda ukakuta pistoni ina tundu katikati. Kijana wangu alikuwa na bahati, plagi ilikufa kabla ya pistoni.

Mambo mengine yote kuhusu oili hii, herufi, rangi, bei, harufu, mimi huyapima kwa swali hilo moja: itakufaje ndani ya injini hii, kwa joto hili, kwa huyu anayeiendesha?

Oili inaingiaje kwenye injini yako?

Kabla hujatazama chupa, tazama kwadi. Ina tangi dogo la oili peke yake, au ina tangi la petroli tu?

Kuna zenye pampu. Yamaha walianza kuweka pampu ya oili kwenye pikipiki zao mwaka 1964, mfumo wanaouita Autolube, na kwadi ya Blaster iliyoanza 1988 ilikuja nao. Unajaza petroli tupu kwenye tangi moja na oili kwenye tangi lingine, pampu inapima yenyewe. Pampu imefungwa kwenye waya wa eksileta, kwa hiyo ukiwa na moto mdogo inatoa kidogo, ukifungua inaongeza. Halafu kuna zisizo na pampu, kama Banshee ya silinda mbili iliyoanza 1987, au Honda TRX250R ya 1986 hadi 1989. Hizo unachanganya mwenyewe kwenye galoni kabla ya kumimina.

Usipojua hili utaharibu injini hata ukiwa na oili bora kuliko zote. Oili nyingi za mashindano ni nzito na zimetengenezwa kwa kuchanganya tu. Ukiitia kwenye tangi la pampu, oili inatakiwa ishuke kwa uzito wake kwenye mpira mwembamba, ipite kwenye pampu, ifungue valvu ndogo yenye springi. Asubuhi ya baridi oili nzito inajikokota. Injini haikusubiri. Kwa hiyo kwenye mashine ya pampu tafuta maneno yanayosema oili inafaa kwa pampu, mara nyingi utaona "injector" au "oil injection". Inayofaa kwa pampu kwa kawaida unaweza pia kuichanganya kwa mkono. Kinyume chake hakikubali.

Kuhusu wepesi huo kuna kipimo cha SAE (chama cha wahandisi wa magari) chenye namba 1 hadi 4, wakati mwingine huandikwa nyuma ya chupa. Namba 1 imepimwa kwa nyuzi 0, namba 2 kwa -10, namba 3 kwa -25, namba 4 kwa -40. Ukiendesha kwenye theluji tafuta 3 au 4. Asiyejua theluji hata asijisumbue.

Na kwadi ya mtumba yenye pampu, muulize aliyekuuzia: pampu bado ipo? Wengi wanaiondoa wanahamia kuchanganya, tangi la oili linabaki pale kama pambo. Nimewahi kumwona mtu akijaza oili kwenye tangi ambalo mpira wake ulikuwa umezibwa kwa skrubu. Alikuwa anaendesha kwa petroli tupu na kujisifu kwamba mashine yake haili oili. Fuata mpira kwa kidole kutoka kwenye tangi mpaka kwenye kabureta. Ni dakika moja.

Herufi za nyuma ya chupa

Mbele ya chupa ni matangazo. Nyuma ndiko kuna habari, kwa maandishi madogo, na kuna familia nne za herufi unazoweza kukutana nazo.

JASO ni viwango vya Wajapani. Kwenye chupa hukaa ndani ya kisanduku kidogo, herufi mbili: FB, FC au FD. FA ilikuwepo zamani, ya chini kabisa, imeshaachwa. FB inalainisha lakini moshi wake ni mwingi na ekzosi inaziba mapema. FC ina moshi mdogo na inaacha ekzosi wazi zaidi. FD ni sawa na FC kwa moshi, ila imepimwa kwa ukali zaidi upande wa usafi: pistoni ibaki safi kwenye joto kali. Kama injini yako inapozwa kwa hewa na unaipeleka mwendo wa kutosha, FD ndiyo herufi ninayoitafuta kwanza. FC pia haijawahi kuniangusha kwenye mashine za matembezi.

ISO ni za kimataifa: EGB, EGC, EGD. Zinafuatana na zile za Wajapani, B kwa B, C kwa C, D kwa D, ila za ISO zinapimwa zaidi upande wa usafi wa pistoni. Ukiona JASO FD na ISO EGD kwenye lebo moja, umemaliza kusoma, weka mfukoni.

API TC ni ya Wamarekani, ya zamani lakini bado inaandikwa. Ni oili ya injini za tu-stroku za nchi kavu zenye moto mwingi. Peke yake, bila FC wala FD, inanifanya nisite kidogo, kwa sababu API TC haisemi lolote kuhusu moshi wala kuziba kwa ekzosi. Lakini italinda pistoni.

Ya nne ndiyo inayoniletea kazi karakana: TC-W3.

Herufi zinafanana na TC, na watu wanadhani ni TC iliyoboreshwa mara tatu. W hapo ni maji. Ni oili ya injini za boti, zile zinazovuta maji ya ziwa au bahari na kuyapitisha kuzunguka silinda. Injini hiyo haipati joto kubwa hata ikipigwa siku nzima, kwa sababu maji ya baridi hayaishi. Oili yake basi imetengenezwa isiwe na majivu kabisa, na viungo vyake vya kusafisha vinafanya kazi vizuri kwenye joto la chini. Ukiihamishia kwenye silinda yenye mapezi inayopozwa na upepo, ukapanda mlima kwa gia ya pili, vile viungo vinashindwa. Oili inageuka gundi, gundi inageuka ukoko, na mahali pa kwanza panapoziba ni mfereji wa ringi (pete ya chuma inayozunguka pistoni).

Hilo nimeliona kwa macho yangu kwenye mashine yangu mwenyewe, nikiwa bado najifunza. Nilikuwa na nusu galoni ya oili ya boti niliyopewa bure, na bure ina ushawishi. Kwadi ilikwenda vizuri miezi kadhaa. Kisha ikaanza kuwa nzito kuwaka ikiwa ya moto, na kiki ikawa laini, mguu unashuka bila ubishi. Nilipovua silinda, ringi ya juu upande wa ekzosi haikuonekana. Ilikuwa imezama ndani ya mfereji wake, imefunikwa na kitu cheusi kinachong'aa kama lami iliyokauka. Nilijaribu kuisukuma kwa ukucha, haikutikisika. Chini yake ubavu wa pistoni ulikuwa na michirizi ya kahawia, moto ulikokuwa unapenya. Ringi nilizitoa vipande vipande kwa kipande cha ringi ya zamani nilichonoa. Silinda ilipona, pistoni haikupona.

Sisemi TC-W3 itaua injini kwa safari moja. Ukiwa porini umeishiwa na mtu wa boti akakupa chupa, chukua, kuliko petroli tupu. Rudi nayo polepole.

Oili ya madini, sintetiki, na ile ya nyonyo

Hapa watu hupenda kubishana, nami nitakuwa mfupi kuliko wanavyotaka.

Oili ya madini inalainisha vizuri ila inatoa moshi na ukoko zaidi. Nusu sintetiki ni mchanganyiko wa ya madini na sintetiki (oili iliyoundwa kiwandani), na kwa kwadi nyingi za matembezi inatosha kabisa ikiwa na FC au FD. Sintetiki kamili, hasa zile za esta, zinashika chuma na kuvumilia joto kubwa. Na mafuta ya nyonyo, ndiyo, yaleyale yanayotokana na mbegu za mbarika, yalikuwa mfalme wa mashindano zamani, na harufu yake ukishaisikia huisahau. Yanalinda pistoni kwenye joto ambalo oili nyingine zimeshakata tamaa. Ubaya wake ni kwamba yanaacha gundi kila mahali, kwenye baridi yanaweza kujitenga na petroli, na mengi hayaelewani na oili ya madini. Ukichanganya hizo mbili kwenye galoni moja unaweza kukuta kitu kama ute umelala chini. Usiyatumie kama hupendi kufungua injini mara kwa mara.

Ninalotaka ulikumbuke ni jambo ambalo wauzaji hawalisemi: oili inaweza kuwa kali kupita mwendo wako. Oili za mashindano zimetengenezwa ziungue kwenye joto kubwa. Ukizitia kwenye kwadi ya mtoto ya 90cc inayozunguka uwanja kwa moto mdogo, au wewe mwenyewe unatembea taratibu ukitazama mandhari, ekzosi haipati joto la kuzichoma. Oili inatoka mbichi. Utaona matone meusi yanadondoka mdomoni mwa ekzosi, yanachafua fremu na suruali, na plagi inalowa kila wiki. Mwenye kwadi anakuja amenuna, "Mzee, nimenunua ya gharama kubwa kuliko zote na imekuwa mbaya zaidi." Haikuwa mbaya. Haikupata moto wa kufia. Rudi kwenye FC ya kawaida, matone yataisha.

Na upande wa pili upo: aliye na kwadi ya 250cc inayopozwa kwa maji anayepiga mbio kwenye mchanga, injini iko juu muda wote, gurudumu linazama, hewa ya kupoza haba. Huyo oili ya matembezi itamwishia mapema. Anahitaji esta au sintetiki nzito ya kuchanganya, na asiogope moshi.

Kipimo, na kosa la kuongeza "kidogo tu"

Namba kama 32:1 maana yake sehemu 32 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Kwa lita 10 za petroli:

20:1 ni mililita 500
24:1 ni mililita 417
32:1 ni mililita 313
40:1 ni mililita 250
50:1 ni mililita 200

Ipi ni yako? Ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Vitabu vya miaka ya 1980 mara nyingi vinataka oili nyingi, 20:1 au 24:1, kwa sababu oili za wakati huo zilikuwa dhaifu. Wengi sasa wanatumia 32:1 na oili nzuri ya FD kwenye mashine hizohizo bila tatizo. Lakini 50:1 iliyoandikwa kwenye chupa ya oili isikushawishi kwa injini ya kwadi inayobebeshwa mzigo. Aliyeandika chupa hajui wewe unapanda kilima gani. Mimi nikikosa kitabu naanza na 32:1.

Sasa kosa. Mtu anaona injini inapata moto, anawaza, niongeze oili, ipoe. Anahama kutoka 32:1 kwenda 16:1. Fikiria kinachopita kwenye jeti ya kabureta (kitundu kinachopima petroli). Tundu ni lilelile, na kinachopita ni petroli na oili kwa pamoja. Kwa 32:1, petroli ni takriban asilimia 97 ya kinachopita. Kwa 16:1 imeshuka hadi 94. Tena mchanganyiko umekuwa mzito, unapita kwa uvivu. Hewa haijapungua. Kwa hiyo injini imepata petroli pungufu kwa hewa ileile, na petroli pungufu ndiyo inayoleta moto. Ameongeza oili, injini ikazidi kuchemka. Ukibadilisha kipimo kwa kiasi kikubwa, angalia plagi, na ikibidi badilisha jeti.

Kuchanganya kwenyewe ni rahisi, lakini fanyia nje, mbali na moto na sigara. Chukua galoni safi. Mimina nusu ya petroli. Tia oili uliyopima kwa kikombe chenye mistari, si kwa kifuniko cha chupa wala kwa jicho. Funga, tikisa. Mimina petroli iliyobaki, tikisa tena. Andika kwenye galoni kwa kalamu ya wino mzito: kipimo, jina la oili, tarehe. Rangi ya bluu, nyekundu au kijani uliyoiona kwenye oili imewekwa kwa sababu hii tu, ujue petroli gani ina oili na ipi haina. Rangi haisemi lolote kuhusu ubora. Nyekundu haiwi kali kwa sababu ni nyekundu.

Usichanganye ya msimu mzima. Mwezi mmoja, basi. Petroli inapoteza nguvu, na kama ina ethanoli inanywa unyevu wa hewani mpaka maji yanajitenga na kulala chini ya tangi. Tikisa galoni kila mara kabla ya kumimina.

Ukinunua oili usiyoifahamu, fanya jaribio langu la chupa ya kioo. Changanya kidogo kwa kipimo chako, funga, iache usiku kucha mahali pa baridi kadiri utakapoendeshea. Asubuhi itazame kwenye mwanga bila kuitikisa. Rangi moja kutoka juu hadi chini, ni sawa. Ukiona tabaka, au ute chini, hiyo si yako.

Kwa wenye pampu, mambo matatu. La kwanza, tangi la oili lisikauke hata siku moja, maana likikauka hewa inaingia kwenye mpira na pampu itasukuma hewa huku wewe unaona tangi limejaa. Ikitokea, toa hewa kwa skrubu yake kwenye pampu, na tangi la kwanza la petroli baada ya hapo lichanganye 40:1 kwa usalama mpaka uhakikishe oili inafika. Utapata moshi siku hiyo, vumilia. La pili, pampu ina alama mbili zinazotakiwa kuonana eksileta ikiwa mahali kitabu kinapotaja. Waya ukivutika alama zinaachana, oili inapungua. La tatu, ukibadilisha aina ya oili, kausha tangi na mpira kwanza. Usimimine mpya juu ya ya zamani.

Giaboksi ni nyumba nyingine

Nilitaka kuipita hii, lakini kila mwaka kuna anayetia oili ya tu-stroku kwenye giaboksi. Gia na klachi kwenye kwadi hizi vina oili yao wenyewe, imetengwa na chumba cha kranki kwa sili (mpira unaozuia oili kupita). Klachi inaogelea ndani ya oili hiyo, kwa hiyo tumia oili ya pikipiki yenye JASO MA, kwa uzito uliotajwa na kitabu. Oili za gari zilizoandikwa "Energy Conserving" au "Resource Conserving" zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Itateleza.

Utajuaje umechagua sawa?

Baada ya matangi matatu hivi, endesha kwa nguvu dakika chache, zima injini ikiwa bado kwenye mwendo huo, vuta klachi, simama. Toa plagi ikipoa. Kahawia hafifu mpaka kahawia iliyoiva ni salama. Nyeusi yenye maji ya oili: oili nyingi mno, au nzito kwa mwendo wako, au petroli imezidi. Nyeupe kama chokaa, simama hapohapo, tafuta sababu kabla ya kuwasha tena.

Kisha vua ekzosi, mara nyingi ni springi mbili tatu tu. Tazama kwa tochi kupitia mlango wa ekzosi huku ukisukuma kiki kwa mkono taratibu. Utaziona ringi zikipita. Zisukume kidogo kwa kijiti cha mbao: zinapaswa kurudi nyuma na kutoka tena, zikibonyea kama springi. Ubavu wa pistoni uwe na unyevu wa oili unaong'aa. Ukikuta umekauka, oili haitoshi au haifiki. Ukikuta ukoko umekaza ringi, rudi kusoma nyuma ya chupa.

Moshi pekee usiufanye hakimu. Alikuja mtu na Blaster yake akisema amebadilisha oili tatu, kila moja ya gharama kuliko iliyotangulia, na moshi mweupe wa bluu haupungui. Alikuwa amejiandaa kununua ya nne. Sikutazama oili yake. Nilifungua skrubu ya kukagulia oili ya giaboksi, na hakuna kilichotoka. Nikauliza, "Mara ya mwisho kuijaza ni lini?" Akasema mwezi uliopita, na mwezi kabla ya huo pia, "inaisha-isha tu, Fundi." Haivuji chini, haionekani popote, lakini inaisha. Sili ya kranki upande wa klachi ilikuwa imechoka, na injini ilikuwa inainyonya oili ya giaboksi kila pistoni inapopanda na kuichoma kwa furaha. Tulivua kava la klachi, tukatoa sili, ikiwa ngumu kama plastiki, mdomo wake umepasuka sehemu mbili. Tulitia mpya, tukajaza giaboksi, akarudisha oili yake ya kwanza ya FC. Moshi wa asubuhi uliendelea kwa nusu saa hivi, ekzosi ikitapika ilichokuwa imehifadhi, kisha ukakata.